Chablis si aina ya zabibu

Wengi wanaoliona neno Chablis kwenye chupa hudhani ni aina ya zabibu. Chablis ni mji mdogo kaskazini mwa Burgundy, Ufaransa, kando ya mto Serein, na mvinyo wake mweupe hutengenezwa kwa zabibu moja tu, Chardonnay, ambayo wenyeji wa zamani waliiita Beaunois. Sheria ya Ufaransa inalilinda jina hilo tangu 1938. Lakini huko California, kwa miaka mingi, mvinyo wowote mweupe wa bei rahisi, hata wa rangi ya waridi, uliweza kuuzwa kwa jina la Chablis. Makubaliano ya Marekani na Umoja wa Ulaya ya 2006 yalizuia chapa mpya kulitumia, ila zile za zamani ziliachwa ziendelee. Kwangu huko ni kumnyang'anya mkulima jina la shamba lake.

Kuna wanaosikia Chardonnay wakatarajia kinywaji kizito chenye harufu ya vanila. Vanila haitoki kwenye zabibu, hutoka kwenye mapipa mapya ya mwaloni, na Chablis nyingi hukaa kwenye matangi ya chuma cha pua. Mjini Chablis ni baridi pia. Jalidi ya Aprili huweza kuua machipukizi usiku mmoja, kama ilivyotokea 2021, na wakulima hukesha wakiwasha mishumaa mikubwa shambani au kuirushia mizabibu maji, ili barafu inayoganda juu ya chipukizi ilikinge. Zabibu za nchi ya namna hiyo huiva huku zimebaki na uchachu wake: unapata limau, tufaha la kijani, maua meupe, na mwishoni kitu kama jiwe lililolowa mvua, na chumvi kwa mbali.

Jiwe hilo ndilo limezaa dhana ninayoisikia kuliko zote, kwamba mizizi hunyonya ladha ya chaza wa kale walio ardhini. Chaza hao wapo kweli. Udongo wa mfinyanzi na chokaa uitwao Kimmeridgian una umri wa miaka milioni 150 hivi, na umejaa vigamba vidogo vya *Exogyra virgula*, aina ya chaza wa kale, kwa kuwa hapo palikuwa bahari. Ila mzabibu haunyonyi kigamba. Hunyonya maji na chembechembe za madini zilizoyeyuka, kidogo mno kwa ulimi kuzitambua. Udongo huo hufanya kazi nyingine: huamua mzabibu upate maji kiasi gani na kwa wakati gani. Ule ujiwejiwe tunaousikia una uhusiano zaidi na uchachu mkali na kukosekana kwa harufu ya mbao.

Petit Chablis nayo si chupa ndogo. Ni daraja la kwanza kutoka chini, na mizabibu yake mingi iko juu kwenye nyanda. Juu yake kuna Chablis, Premier Cru, kisha Grand Cru, yenye sehemu saba tu, zote kwenye kilima kimoja kinachotazama mji ng'ambo ya mto.

Kuhusu chakula, chaza wabichi wanastahili sifa zao. Lakini anayeishia kwenye samaki anajinyima mengi. Uchachu huo hukata mafuta, ndiyo maana kuku wa mchuzi wa krimu, jibini la mbuzi na Comté, jibini gumu la Ufaransa, huendana nao vizuri sana, na Chablis kwenyewe watu huunywa na andouillette, soseji ya matumbo ya nguruwe yenye harufu kali.

Wala usiugandishe mvinyo huu. Nyuzi 8 hadi 10 zinautosha ule ambao bado haujazeeka. Les Clos, mojawapo ya zile sehemu saba za Grand Cru, ya miaka kumi, ambayo wengi wangedhani imeshaharibika kwa kuwa ni mvinyo mweupe, iache ifike 12, ndipo asali na uyoga vitaanza kunukia.