Operesheni ya hedhi nzito: ulizia haya kabla ya kutia saini

Swali: Hedhi yangu hufika siku kumi na pedi hujaa kila saa. Nimeambiwa nitolewe kizazi. Ni lazima?

Mara nyingi si lazima kuanzia hapo. Kuna vidonge vya kupunguza damu na koili yenye homoni, inayowekwa ndani ya kizazi, na wengi hupona kwa hizo. Muulize daktari chanzo ni nini. Kama ni faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, huweza kutolewa yenyewe kizazi kikabaki. Ukiwa bado wataka mtoto, sema mapema bila kuona haya.

Swali: Kuna wanaochomwa utando wa ndani ya kizazi tu. Hiyo haina hatari?

Ni operesheni ndogo na wengi hulala kwao siku hiyo hiyo. Kwa nadra kifaa hutoboa kizazi au huunguza utumbo, au maambukizi huingia. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mimba. Kuchomwa hakuzuii mimba, na ikishika baadaye huweza kuharibika, au kondo la nyuma likang'ang'ania na mama akavuja damu vibaya sana. Kwa hiyo asiyefunga uzazi aendelee na njia ya kupanga uzazi mpaka hedhi ikome kwa umri. Tena, utando upimwe kwanza ijulikane hakuna saratani.

Swali: Na kutoa kizazi chote?

Hedhi haitarudi tena, lakini hiyo ni operesheni kubwa. Damu yaweza kutoka nyingi, kidonda kikaoza, kibofu au mirija ya mkojo ikajeruhiwa. Damu pia huweza kuganda mguuni kisha ikapanda mapafuni. Ndiyo maana wauguzi humwinua mgonjwa atembee mapema hata akilalamika. Ulizia ovari zako, yaani vifuko vya mayai: zikitolewa, ukomo wa hedhi huja ghafla. Wanaosema mwanamke hubaki mtupu wanamuumiza bure. Uke upo, na tendo la ndoa huendelea kidonda kikishapona, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8.

Swali: Kiwango cha damu yangu (hemoglobini) ni 7. Nifanyiwe hivyo hivyo?

Kama si dharura, ijengwe kwanza. Kiwango cha kawaida kwa mwanamke asiye mjamzito ni 12 na kuendelea. Anayeingia chumba cha upasuaji na damu kidogo hana akiba ikimwagika. Vidonge vya madini ya chuma vimeze kwa maji ya ndimu, wala si pamoja na chai yako ya asubuhi na mahamri, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ikibidi, chuma hupitishwa kwenye mshipa, au mgonjwa huongezwa damu.

Swali: Nikisharudi nyumbani Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, nirudi hospitali kwa dalili gani?

Homa, damu inayojaza pedi, usaha au harufu mbaya, mkojo kuziba au kuvuja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata. Usingoje siku ya kliniki, nenda hata usiku wa manane. Kabla ya operesheni, patana na jirani mwenye gari na mjue mtapita wapi feri ikiwa na foleni.