Ukihangaika sana upendwe, watu wanaona unaringa

Kuna meseji nazijua hata kabla sijazimaliza kusoma, zinaanza na samahani, katikati kuna samahani nyingine, halafu mwishoni "kama uko bize wala usijali". Na anachotaka mtu ni kubadilisha muda wa miadi tu! Baadaye ananiambia aliiandika akaifuta mara nne tano.

Mimi ni mwanasaikolojia, ninaokutana nao zaidi ni watu wenye hofu ya macho ya watu, na wengi wakija wanaamini tatizo lao ni kutojua kuongea. Sio kweli jamani. Kuongea wanajua, ila wakiwa mbele ya mtu wanafanya kazi mbili kwa mpigo, wanaongea huku wanajikagua, sauti imetetemeka? nimecheka kupita kiasi? mbona kaangalia simu? sasa kichwa kikishajaa hayo, mwenzako unamsikiliza saa ngapi?

Hamu ya kukubalika yenyewe sio ugonjwa, nisieleweke vibaya. Mark Leary, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza miaka ya 90 kwamba kujithamini kwetu ni kama geji ya mafuta kwenye gari, mshale ukishuka ujue kuna mahali umehisi hutakiwi. Geji inasaidia. Shida ni dereva anayekodolea geji barabara haioni.

Hapo ndipo zinapoingia kinga, yaani vijitabia vya kujilinda usiaibike. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walizieleza 1995: kupanga sentensi kichwani kabla hujaisema, kukwepa kutazamana, kuongea kwa kifupi usije ukakosea, kubana glasi mkono usitetemeke (na ukiibana ndio unatetemeka zaidi). Mimi naongezea ile ya kumuuliza mtu maswali mfululizo ili wewe usiulizwe, hii inaonekana kama ukarimu kabisa. Kila kinga inakupa nafuu ya dakika mbili, lakini aliye upande wa pili haioni hofu yako, anachoona ni mtu anayejibu "ndio, sawa" macho yakiwa pembeni, basi naye anapoa, na wewe ukirudi nyumbani unasema si unaona, nilijua tu hanipendi.

Na tunajidanganya kuhusu hao watazamaji pia. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walivalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, ya kuona aibu kwa vijana wale, wakawaingiza kwenye chumba chenye watu. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliomo wamemtambua aliye kwenye fulana. Waliomtambua walikuwa kama robo tu.

Kumwambia mtu "jiamini" hakusaidii, mimi nimeacha zamani. Tunachofanya ni jaribio: unaongea na mgeni dakika chache ukitumia kinga zako zote, halafu mara ya pili unaziacha, yote tunarekodi video. Kabla hatujaitazama namwambia mtu aniambie anategemea kuona nini. Mmoja alisema ataona mtu anatetemeka mwili mzima, kila mtu anamwonea huruma. Tukawasha ile ya kwanza, ile aliyojitahidi mpaka jasho. Akatazama kimya, kisha akauliza, "Mbona huyu ana kiburi hivi?"