Sola ya kilo tano ni kubwa kiasi gani hasa?

Shemeji yangu wa Mtopanga, hapa Mombasa, aliweka sola mwaka jana, akawa kila akikaa barazani lazima aseme "mimi nna kilo tano juu ya nyumba", na sisi tukaamini maana kweli lile boksi la ukutani limeandikwa kilowati 5. Lakini ikifika saa nne usiku feni zinasimama, watoto wanaamka wamerowa jasho, na dada anaenda kurudisha swichi kwenye stima huku akisema maneno yake. Siku moja nikapanda juu kuangalia nikakuta paneli mbili tu, wati 350 kila moja. Sasa kilo tano iko wapi?

Iko kwenye inveta, lile boksi la ukutani linalogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia ndani. Hapo ndo wengi wanapopotea, maana ukubwa wa sola si namba moja, ni namba tatu, na fundi akikutajia moja tu jua zile mbili hajakwambia au hata hesabu yenyewe hajapiga.

Mtu wa Mombasa ataelewa hii haraka kuliko mtu wa mahali penye maji siku nzima. Mfereji wetu unatoka masaa machache, unajaza tangi, halafu mnatumia cha kwenye tangi mpaka mfereji urudi tena. Basi paneli ndo mfereji, betri ndo tangi, na inveta ni lile bomba linaloshuka toka kwenye tangi kuingia ndani. Shemeji alinunua bomba nene la kuringia, akaliunga kwa tangi dogo, na lile tangi linajazwa na mfereji unaodondoka.

Sasa wati na uniti, maana watu wanavichanganya sana. Wati ni kasi ya maji yanavotoka saa hiyo, uniti ni mitungi uliyojaza. Uniti moja, hiyo hiyo unayonunua kwa tokeni, ni wati 1000 zikitumika saa nzima. Feni ya wati 70 ikizunguka toka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi imekula kama uniti 0.6. Pasi ya wati 1200 ukipiga nguo dakika kumi imekula uniti 0.2. Yani ile feni unayoiona haina neno imekula mara tatu ya pasi, lakini pasi ndo itakayoangusha inveta ndogo. Ukiielewa hiyo mengine yote ni kugawanya tu.

Kwa hivo kabla hujaenda dukani kaa na mita yako. Andika uniti zilizobaki saa kumi na mbili jioni, andika tena saa kumi na mbili asubuhi, halafu jioni yake tena. Toa. Ya kwanza mpaka ya pili ndo matumizi yako ya usiku, na yote kwa jumla ndo matumizi ya siku. Fanya hivo wiki nzima, na usichague wiki mliyosafiri (kama ni Ramadhani jua namba ya usiku itapanda, watu wako macho mpaka daku). Kwa shemeji ilitoka kama uniti 6 kwa siku, usiku 3.

Paneli sasa. Jua letu linatoka masaa kumi na mbili lakini la saa moja asubuhi si la saa sita mchana, ukilikusanya lote linakuwa sawa na kama masaa 5 ya jua kali, na miezi ya mvua na mawingu, wa tano na wa sita, piga 4.5. Halafu punguza robo, kwa sababu ya vumbi, waya, betri, na joto. Joto watu hawaliamini, ati jua kali si ndo vizuri, lakini hiyo wati 350 iliyoandikwa nyuma ya paneli ilipimwa paneli ikiwa na nyuzi 25, na juu ya mabati ya Mombasa inaweza kufika 60, na kila nyuzi moja ikizidi inapoteza kama asilimia 0.35 hivi. Ndo maana paneli inainuliwa iache nafasi upepo upite chini yake, haibandikwi kwenye bati kama stika.

Hesabu yenyewe: uniti 6, gawanya kwa 4.5, gawanya kwa 0.75, unapata kilowati 1.8 hivi, yani wati 1800. Shemeji anayo 0.7. Siku mbaya inampa uniti 2.4, friji na televisheni vinazimaliza mchana, betri inaingia magharibi ina njaa.

Kuna kitu kimoja Mungu ametusaidia huku pwani. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, ndo joto linatuua na feni haizimwi, na jua nalo ndo liko wazi. Ikija kusi na mawingu yake joto limepungua. Kwa hivo kwa msimu tumepatana na jua vizuri, tatizo ni saa tu, maana feni inatakiwa usiku, na huo usiku ni kazi ya betri.

Usiku uniti 3. Betri ya lithiamu utumie kama asilimia 80 yake, na inveta nayo inakula chake, kwa hivo unatafuta kama uniti 4.2, na ile inayouzwa sana ya volti 51.2 ampia-saa 100 ni uniti 5.1, inatosha. Zile nzito za asidi usizishushe chini ya nusu zitakufa mapema. Shemeji ana nne za volti 12 ampia-saa 100, jumla 4.8 kwa karatasi, za kutumia 2.4.

Inveta ndo rahisi kuliko zote na ndo inayosifiwa zaidi, sijui kwa nini. Jumlisha tu vitu vinavoweza kuwaka pamoja, friji, feni, taa, pasi. Ila angalia mota ya maji, ya wati 750 ikishtuka kuanza inaweza kuvuta mara tatu au zaidi kwa nukta chache. Nyumba ya kawaida kilowati 3 inatosha. Shawa ya moto iachie stima. Esi nayo ni hesabu yake mbali, ukiitaka usiku kucha ongeza betri, usiongeze maneno.

Juu ya nyumba, Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini ya ikweta kwa hivo paneli zielekee kaskazini kidogo, mlalo wa nyuzi 10 unatosha mvua ioshe vumbi. Usiweke nyuma ya tangi wala chini ya mnazi, kivuli cha kuti moja kinaweza kuvuta safu nzima chini. Nati ziwe za stenlesi, chumvi ya bahari haina huruma. Na fundi muulize leseni yake ya EPRA, ile mamlaka ya kawi na mafuta ya Kenya, asinune.

Shemeji inveta hatukuigusa, haina kosa. Tumeongeza paneli nne za aina ile ile, sasa ni wati 2100, na betri anangojea pesa. Kwa sasa feni zinafika mpaka karibu saa tisa usiku, na barazani hataji tena kilo tano, anataja uniti.