Je, wajua kwa nini Wi-Fi hupotea ukiingia Linux, ilhali kwenye Windows inakamata vizuri?

Umeweka Linux kando ya Windows kwenye laptopu moja. Kila kitu kimekwenda salama, mfumo umewaka, kisha unatafuta mtandao: hakuna hata jina moja la Wi-Fi. Ukirudi Windows, inakamata papo hapo. Wengi hapa huilaumu kadi ya Wi-Fi, au huamua kwamba Linux haifai. Kadi ni nzima, na Linux mara nyingi haina kosa kubwa.

Tatizo mara nyingi ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi. Draiva haikai ndani ya kadi. Kila mfumo endeshi huja na zake, na ile ya Windows haina kazi kwenye Linux. Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, ndiyo maana laptopu iliyotoka juzi husumbua kwenye toleo la zamani, ikatulia ukiweka keneli mpya. Tena draiva peke yake haitoshi. Kadi nyingi za Wi-Fi huhitaji pia programu dhibiti (firmware), faili ambalo draiva hulipakia kwenye kadi mfumo unapowaka. Debian, moja ya matoleo ya Linux, kwa miaka mingi iliyaacha mafaili hayo nje ya diski yake rasmi ya usakinishaji kwa sababu si programu huria, hadi toleo la 12 la mwaka 2023.

Kwa hiyo usikimbilie kupakua chochote. Fungua teminali, dirisha la kuandikia amri, uandike lspci -nnk, kisha tafuta mstari wenye maneno "Network controller". Humo kuna namba ya sehemu mbili, mfano 8086:2723. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji (8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom), ya pili ni kifaa chenyewe. Tafuta msaada kwa namba hiyo, si kwa jina la laptopu, maana modeli moja huweza kuuzwa na kadi tofauti tofauti.

Chini kidogo tazama kama pameandikwa "Kernel driver in use". Pakiwa na jina, tuseme iwlwifi, draiva imeshaishika kadi na tatizo liko mbele yake. Andika sudo dmesg | grep -i firmware. Ukikuta malalamiko kwamba faili fulani limeshindwa kupakiwa, umeshalijua linalokosekana. Kwenye Ubuntu kwa kawaida liko ndani ya kifurushi cha linux-firmware. Huna intaneti ya kukipakua? Chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kupitia USB. Linux huiona kama mtandao wa waya.

Mstari wa "Kernel driver in use" usipokuwepo, ama draiva haipo, ama imezuiwa. Mzuiaji mkubwa ni Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu kompyuta inapowaka: ikiwa imewashwa, keneli za Linux nyingi hukataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika, na wanaoumia zaidi ni wenye kadi za picha za Nvidia na baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom. Amri ya mokutil --sb-state itakwambia hali yake. Unaweza kuizima kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka), lakini kama diski ya Windows yako imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wa kurejesha, kwani huenda ukaulizwa.

Kuna hitilafu nyingine inayowachanganya hata mafundi: jana Wi-Fi ilifanya kazi, leo haipo, na hujagusa kitu. Hapo mimi huitazama Windows kwanza. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza "Shut down", Windows haijizimi kabisa, bali huhifadhi keneli yake na draiva kwenye diski ili iwake haraka kesho. Kadi huweza kuachwa katika hali ambayo draiva ya Linux inashindwa kuiamsha. Jaribio lake ni rahisi: ingia Windows, chagua "Restart" badala ya "Shut down", kisha uingie Linux moja kwa moja. Wi-Fi ikirudi, mchawi umempata. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, na habari imekwisha, ingawa utapoteza pia hibernate.

Hedifoni za Bluetooth zinazokataa kila ukibadilisha mfumo ni kesi nyingine kabisa, na draiva haihusiki. Mifumo yote miwili hutumia adapta moja yenye anwani moja, ila kila mmoja hutengeneza ufunguo wake wa siri. Ukiziunganisha kwenye Linux, hedifoni huufuta ule wa Windows. Ama uziunganishe upya kila mara, ama uziunganishe tena kwenye Windows, kisha unakili ufunguo wa Windows uuweke kwenye faili la kifaa hicho ndani ya /var/lib/bluetooth.