Je, wajua kwa nini ujumbe wa sauti wa dakika nne haumalizi bando?

Shangazi yangu haandiki. Akiwa na neno, hubonyeza maikrofoni ya WhatsApp, akaanza na salamu za nyumba nzima, mtu mmoja mmoja, ndipo aseme alichokusudia. Dakika nne. Siku ambayo bando langu limebaki la kuungaunga, video ya harusi ya sekunde 30 huzunguka tu na kugoma kushuka, lakini shangazi hushuka papo hapo. Siku moja niliingia kwenye hifadhi ya simu kuangalia faili lake lina uzito gani. Halikufika nusu megabaiti. Jina lake lilianza na herufi PTT, ikafuata tarehe, na mwishoni nukta na neno opus.

Neno hilo la mwisho ndilo linalookoa bando. Opus ni kodeki, yaani utaratibu wa kubana sauti upande wa anayetuma na kuikunjua upande wa anayepokea.

Kwanza tuone sauti isiyobanwa ina uzito gani. Maikrofoni hupima msukumo wa hewa mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kwenye CD vipimo ni 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1; nane ni baiti moja), na vinaandikwa mara mbili kwa ajili ya spika ya kushoto na ya kulia. Zidisha: biti 1,411,200 kila sekunde, au karibu megabaiti 10.6 kwa dakika. Ujumbe wa shangazi, salamu na jambo lenyewe, ungekula megabaiti 42. Ujumbe wa sauti, kwa upande wake, hujitosheleza kwa biti kama 16,000 kwa sekunde (simu hutofautiana, nyingine hupanda zaidi), yaani kilobaiti 120 kwa dakika. Ni nyepesi mara 88.

Huwezi kupunguza kitu mara 88 bila kutupa karibu chote. Ajabu ni kwamba bado namtambua shangazi tangu anapokohoa, hajataja hata jina.

Fanya jaribio hili hapo ulipo, ila kama uko kwenye daladala subiri ushuke. Sema "aaaa" kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kisha, bila kukata pumzi, igeuze iwe "iiii". Kooni hakuna kilichobadilika: nyuzi za sauti zinatetemeka kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni umbo la kinywa, ulimi ulivyoinuka na midomo ilivyotanuka. Sauti ya binadamu inatengenezwa hivyo, koo likitoa mngurumo na kinywa kikiuchonga kuwa irabu na konsonanti. Na kinywa ni nyama, hakiwezi kubadili umbo mara elfu kwa sekunde. Kwa muda wa milisekunde 20 hivi kinakuwa kama kimetulia.

Waliotunga kodeki za maongezi waliishika tabia hiyo. Badala ya kutuma vipimo vyote vya hewa, kodeki inatuma maelezo ya umbo la kinywa kwa kipande hicho kifupi, kasi ya mtetemo wa koo, na masahihisho machache pale sauti iliyotabiriwa kwa maelezo hayo ilipokosea. Simu inayopokea inajenga upya kinywa cha kubuni na kukipulizia pumzi. Unapomsikia shangazi, kwa kiasi kikubwa unasikia simu yako ikimwigiza kwa maelekezo yake mwenyewe.

Kila kipande cha milisekunde 20, kwa mwendo wa biti 16,000 kwa sekunde, kinapewa baiti 40 tu. Kuona udogo wake, soma sentensi hii: "Mama amesema uje na mchele na nazi mbili". Ukihesabu herufi na nafasi zake utapata 40. Ndani ya nafasi hiyo, Opus inaeleza koo, ulimi na midomo ya mtu kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. (Sentensi yenyewe ukiitamka itachukua sekunde mbili na ushee, yaani baiti elfu nne au tano. Kuandika bado ni rahisi kwa bando. Nimeshamwambia shangazi, hasikii.)

Simu ya mezani ya kidijitali ilikuwa na utaratibu wake tangu 1972, unaoitwa G.711: vipimo 8,000 kwa sekunde, biti 64,000. Kwa gharama mara nne ya ile ya ujumbe wa sauti, ilibeba masafa (yaani kasi za mtetemo wa sauti) kati ya hezi, au mitetemo kwa sekunde, 300 na 3,400 tu. Sauti za "s" na "f" zina nguvu zao nyingi juu ya hapo, kwa hiyo kwenye simu ya namna hiyo "saa" na "faa" hukaribia kuwa neno moja. Kila aliyewahi kutaja jina lake kwa karani wa upande wa pili anakumbuka: "S ya Salma, siyo F ya Fatuma!" Opus, kwa robo ya biti hizo, hufika karibu hezi 8,000 na herufi zinarudi mahali pake.

Ila ujanja wa kinywa una mpaka wake: gitaa halina ulimi. Ukiipa kodeki ya maongezi ngoma na kinanda, hutabiri ovyo. Kwa hiyo ndani ya Opus kuna injini mbili. Ya kwanza, SILK, ni hiyo ya maongezi. Ya pili, CELT, ni ya muziki, na haijali sauti imetoka kwa nani. Huigawa sauti katika kanda za masafa, kuanzia besi hadi zile kali, na kuhakikisha kila kanda inabaki na nguvu yake hata kama maelezo ya ndani ya kanda yamepunguzwa sana. Hapo ndipo sikio lenyewe linapodanganywa. Mashine ya kusaga ikinguruma humsikii mbu aliye karibu na shavu lako, ingawa yupo na analia. Ambacho sikio halitakigundua hakistahili biti. Na maongezi yanapohitaji ubora zaidi, injini zote mbili hufanya kazi pamoja: SILK inashika masafa ya chini, CELT inamalizia ya juu.

Ukirekodi ngoma ya harusini kwa ujumbe wa sauti, bado itatoka kama inapigwa ndani ya debe. Usiilaumu Opus peke yake, maana simu yenyewe inaporekodi nayo mara nyingi hujitahidi kufuta kila kisichofanana na maongezi. Kodeki hiyohiyo ikipewa nafasi hupanda hadi biti 510,000 kwa sekunde, na ukisikiliza muziki YouTube kuna uwezekano mkubwa kwamba unaisikiliza Opus bila kujua.

Ufundi huo, hata hivyo, ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni kwa nini kitu kizuri kiasi hiki kimo ndani ya simu ya bei ndogo na hakuna aliyelipia.

Miaka ya 1990, aliyetaka kubana muziki alitumia MP3, na MP3 ilizungukwa na hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi kudai malipo. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyokuwa miongoni mwa waasisi wake, ilitoa barua mwezi Septemba 1998 kwamba watengenezaji wa programu za kubana MP3 walipaswa kulipa. Kwa kampuni kubwa ile ni gharama ya biashara. Kwa kijana anayeandika programu huria usiku na kuigawa bure, hakuna hata mteja wa kumpandishia bei. Wengine walikwepa kwa utani: watunzi wa LAME, programu maarufu ya kutengeneza MP3, waliipa jina linalofupisha maneno ya Kiingereza yanayosema hii si programu ya kutengeneza MP3, wakagawa msimbo wake tu, yaani maandishi ya programu, kama somo. Ukiitaka ifanye kazi, ijenge mwenyewe.

Mmarekani Chris Montgomery alichagua njia ndefu zaidi. Chini ya shirika la Xiph alianza kutengeneza kodeki nyingine tangu mwanzo, akikwepa kila hataza inayojulikana. Aliiita Vorbis, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka Julai 2002. Lilikuwa zuri, wengi wakasema linaipita MP3, lakini MP3 ilikuwa imeshaota mizizi kwenye redio za magari na vichezeo vya mfukoni. Xiph haikukoma. Jean-Marc Valin wa Kanada alileta Speex, kodeki huria ya maongezi, kisha akaingia kwenye CELT. Huku Skype, timu ya Koen Vos ilikuwa imetengeneza SILK kwa ajili ya simu za intaneti.

Mwaka 2010, IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, iliunda kikundi cha kutafuta kodeki moja isiyodai mrabaha. Badala ya SILK na CELT kushindana hadi mmoja afe, waliziunganisha. Wenye hataza zilizogusa kazi hiyo, wakiwemo Broadcom na Microsoft iliyokuwa imeinunua Skype 2011, walikubali zitumike bure. Kanuni ya Opus ilichapishwa Septemba 2012 kwa jina la RFC 6716, na msimbo wake ukatolewa kwa leseni huria: uchukue, uurekebishe, uuweke kwenye bidhaa yako, usimlipe mtu. Mimi naamini hapo ndipo mambo yalipoamuliwa. Kodeki hodari zilikuwepo nyingine. Ila mtu anayeunda huduma ya bure kwa mamia ya mamilioni ya watu hawezi kuchagua kodeki inayodai senti kwa kila simu.

Baada ya hapo ilienea haraka. Android iliipokea, na kanuni za simu za ndani ya vivinjari zikaitaja kuwa ya lazima. Kwenye simu za intaneti ina faida nyingine: vipande vifupi vikipotea njiani mtandao unapoyumba, mpokeaji hukisia kilichokuwemo, na tangu toleo la 1.5 la Machi 2024 inaweza kukisia kwa msaada wa akili mnemba. Hizi nyakati ambazo mtu anasikika kama roboti kwa nusu sekunde kisha anarudi kuwa mtu, huenda umesikia ukisio ulioshindwa.

Fraunhofer waliufunga mpango wao wa leseni za MP3 Aprili 2017, hataza zilipokwisha muda. Skype yenyewe ilizimwa Mei 2025. Injini yake ya maongezi ingali hai, ndani ya simu za watu ambao hawakuwahi kuwa na akaunti ya Skype.

Usumbufu mmoja umebaki. Nilipotaka kusikiliza ujumbe wa shangazi nikiwa safarini, redio ya gari iligoma kulisoma faili la opus kutoka kwenye flashi. Ilitengenezwa enzi za MP3 na haijui kingine. Kompyutani VLC, nayo programu huria, ililicheza bila swali. Kijana wa duka la vifaa vya simu alinishauri niligeuze liwe MP3 "ili sauti iwe nzito". Nikaligeuza, kwa biti 128,000 kila sekunde. Gari likakubali kulicheza, lakini kilichotupwa siku ya kwanza hakikurudi: nilipata shangazi wa megabaiti nne kasoro kidogo, mwenye sauti ileile ya nusu megabaiti.