"Salama tu": anachosikiliza muuguzi wa afya ya akili

Salamu zetu zina adabu inayoweza kumficha mgonjwa. Ukiulizwa "Habari za asubuhi?" huwezi kujibu "Mbaya." Utasema "Nzuri, ila tumefiwa," au "Nzuri, ila mtoto anaumwa." Uzuri unatangulia, maafa yanafuata nyuma kama mgeni asiyealikwa. Katika kliniki ya afya ya akili mara nyingi hata hiyo "ila" haisemwi. Mama anakaa mbele yangu, macho chini, kanga imefungwa ovyo, vidole vinasokota ncha yake. Namuuliza hali. "Salama tu." Hiyo "tu" ndiyo inayonifanya nisogeze kiti.

Sikuzaliwa na sikio hilo. Nilipokuwa muuguzi mpya nilipangiwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Kitanda cha pembeni kulikuwa na mama ambaye mtoto wake alizaliwa amekufa. Alikuwa halii, anatazama dari. Nilimshika bega nikamwambia, "Jikaze mama, Mungu atakupa mwingine." Akanijibu, "Ahsante nesi," akageukia ukutani. Kwenye faili nikaandika kwamba mgonjwa ametulia. Asubuhi wakati wa kukabidhi zamu nilimsimulia muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima aliyetufundisha wengi. Akaniuliza taratibu, "Yale maneno ulimwambia yeye, au ulikuwa unajiambia mwenyewe?" Mwezi mmoja kabla, dada yangu alikuwa amempoteza mtoto wake, na mimi sikuwa nimelia. Nilimfunga mdomo mgonjwa wangu ili mimi nisiumie.

Swali lile ndilo mzizi wa kile tunachokiita kujitambua, na ndilo somo la kwanza ninalowapa wanafunzi kabla hatujagusa dawa hata moja. Muuguzi Mmarekani Hildegard Peplau alichapisha kitabu mwaka 1952 akieleza kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa wenyewe ni sehemu ya tiba, na kwamba wasiwasi huhama kutoka mtu hadi mtu. Aliyewahi kufanya kazi wodini anajua. Muuguzi akiingia na hasira za nyumbani, milango ikibamizwa, baada ya muda mfupi wagonjwa nao hawakaliki.

Hapa kwetu kuna jambo jingine la kujichunguza. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ilianza mwaka 1927, na imewatibu watu wengi waliorudi makwao wakaendelea na maisha. Lakini wengi wetu tumekua tukisikia "huyu wa Mirembe" kama tusi la mtaani. Mwanafunzi wa uuguzi naye amelisikia tangu shule ya msingi, na havui masikio yake anapovaa sare. Ndiyo maana nawaambia wajiulize kabla ya kusogea kitandani: huyu mgonjwa namuogopa? Namdharau? Ananikumbusha nani? Kijana aliyelelewa na baba mlevi anaweza kuwa mkali kwa kila mlevi anayelazwa, akaamini kabisa kwamba anafuata taratibu tu. Nyani haoni kundule, kwa hiyo tunahitaji wenzetu. Mwaka 1955 wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham walichora dirisha lenye vyumba vinne, na kimoja wapo ni kile ambacho wengine wanakiona kwangu nami sikioni. Mwenzako wa zamu akikwambia, "Ukiongea na yule mzee sauti yako inapanda," usimnunie. Amekufungulia chumba hicho.

Moyo ukishatulia, tathmini inawezekana. Tathmini ya kisaikolojia na kijamii ni kumjua mtu pamoja na maisha yanayomzunguka: analalaje, anakulaje, kazi inaendaje, nyumbani anaishi na nani, nani anamsikiliza, nani anamtisha. Nauliza madeni pia, maana nimeona jinsi mikopo ya kausha damu inavyomnyima mtu usingizi kabla haijamnyang'anya kochi na televisheni. Nauliza pombe, bangi na dawa anazotumia. Na mwili hauachwi: malaria kali, kifafa, ugonjwa wa tezi la shingo, VVU, hata uzazi wa juzi, vyote vinaweza kubadilisha akili, na ni hatari kumwita mtu mgonjwa wa akili kabla ya kupimwa.

Kuna dodoso la maswali 9 kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, linaloangalia wiki 2 zilizopita, na lina tafsiri ya Kiswahili. Linasaidia, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo. Mtu wetu mwenye sonona si lazima aseme "nina huzuni." Atasema "nawaza sana," "mwili umechoka," "kichwa kinawaka moto." Asiyejua lugha hiyo atampa dawa ya maumivu na kumruhusu aende.

Swali ambalo wanafunzi wangu hulikwepa kuliko yote ni la kujiua. Wanaogopa watampandikizia mtu wazo. Si kweli, kumuuliza hakumpandikizii wazo, na wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Naanza kwa mbali, "Kuna siku unatamani usiamke?" Kisha naulizia waziwazi: umewahi kufikiria kujitoa uhai, umeshapanga lolote? Akikubali, ndugu zake huambiwa siku hiyohiyo waondoe sumu za shambani na dawa zilizorundikana ndani, na haachwi peke yake.

Namna ya kuuliza nayo ni tiba. "Kwa nini ulikunywa tena?" ni sauti ya polisi. Nikisema, "Siku ile ilikuwaje hadi ukafika pale?" mtu anaanza kusimulia. Mwenye kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, simbishii wala simuungi mkono. Namwambia, "Mimi siisikii sauti hiyo, lakini naona inakutisha." Hapo sijamdanganya, na sijamwita mwongo. Na akinyamaza, nanyamaza naye. Ukimya wa dakika mbili humtesa muuguzi mgeni, akatafuta neno lolote la kuuziba, na mara nyingi neno lenyewe huwa "usijali" au "yataisha." Pole inayotolewa haraka hufunga mlango. Ile inayotolewa baada ya kusikiliza huufungua.

Vitabu vingi tunavyosomea vinasema umkabili mgonjwa na umtazame machoni. Mimi siwafundishi hivyo moja kwa moja. Kijana kumkazia macho mzee ni utovu wa adabu, na kwa mgonjwa mwenye hofu ni kama kumtafuta ugomvi. Keti pembeni kidogo, kiti chako kisiwe juu kuliko chake, mlango usizibwe na yeyote kati yenu. Na salimia. Nakumbuka mzee aliyeletwa amefungwa kamba mikono, ndugu watatu wakisema kwa pamoja jinsi alivyowasumbua, naye akiongelewa kama hayupo. Mwanafunzi wangu alichuchumaa akasema, "Shikamoo babu." Kimya kikapita. "Marahaba," mzee akajibu, akauliza huyu binti ni mtoto wa nani. Tulijua papo hapo kwamba anasikia, anaelewa na bado anajua yeye ni nani mbele ya kijana. Kamba zilifunguliwa kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya hapo tuliwaomba ndugu wakae nje kidogo, nusu saa, ili azungumze mwenyewe. Familia nyingi hukasirika tukiomba hivyo. Tafadhali msikasirike. Mgonjwa ana mambo ambayo hawezi kuyasema mbele ya mkwe wake, na ninyi pia mtapewa zamu yenu ya kusema. Mkiulizwa mlipita wapi kabla ya kufika kwetu, semeni bila woga, hata kama ni kwa mganga, kwa shehe au kwenye maombi. Hatuulizi ili tuwacheke.

Ukiona mtu wa nyumbani kwako ameacha kula, halali, anajitenga au anazungumzia kifo, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu na uulize kama kuna mhudumu wa afya ya akili. Kama hayupo, omba rufaa. Njoo na dawa zote anazotumia kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za mitishamba, pamoja na yule ndugu ambaye mgonjwa mwenyewe amemtaja kwa jina.