Kipima kina hakisomi popote utakapokibandika

Hapa Kigoma, mwaloni Kibirizi, husemwa kuwa kichwa cha kipima kina (kifaa cha kupima urefu wa maji hadi chini kwa sauti) ukikibandika popote ndani ya boti kitasoma, kwa kuwa sauti hupenya. Kwa boti ya faiba ngumu isiyo na sifongo katikati, ni kweli. Kwa boti zetu za mbao, sivyo.

Adui ni hewa. Kichwa hutuma mlio chini na kungoja mwangwi wake. Majini mlio huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, lakini ukikutana na hewa, karibu wote hurudi ulikotoka. Mbao ina vitundu vingi vya hewa. Mapovu nayo ni hewa. Ndiyo maana namba hupotea boti ikikaza mwendo, na mtu akauza kifaa kizima akidhani kimekufa. Inaniuma sana kuona hivyo.

Kichwa kifunge nje, nyuma kwenye tezi, chini kidogo ya usawa wa tumbo la nje la boti, kitazame chini wima. Mbele yake pasiwe na misumari wala viungo vilivyotokeza, maana huko ndiko mapovu huzaliwa. Kiwe angalau sentimita 40 kutoka kwenye propela. Kabla ya kutoboa, mwenzako aendeshe nawe uchungulie nyuma: palipo na maji laini yasiyo na povu, hapo ndipo pake.

Ziwa Tanganyika hushuka ghafla, na katikati kuna sehemu huzidi mita 1,000. Kifaa kidogo kikikosa chini huko, usihamishe kichwa. Nguvu zake ndizo zimeishia hapo.